Yako Ikififia, Yangu Inawaka

Jumatatu, 3 Machi
Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Jioni, tukiwa mezani, taa ya sebuleni imecheza mara tatu. Mume wangu anasema ni mvua tu. Nimebadilisha balbu.

Jumanne, 4 Machi
Balbu mpya nayo inacheza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimenunua daftari hili kwa ajili ya taa. Atakayelisoma akacheka, acheke. Nimekuwa nesi wa wodi kwa miaka thelathini na moja, na daktari akija asubuhi hataki kuambiwa kwamba mgonjwa alikuwa hajisikii vizuri. Anataka saa, anataka dalili, anataka kujua imedumu kwa muda gani. Nitaandika hivyo hivyo.

Nimeanza na yale ninayoyaweza. Nimezima swichi kuu ya kwetu, nikapanda juu ya meza. Mume wangu akanishika miguu huku amefumba macho, utadhani ni yeye aliyepanda. (Wote wanamwita Mwalimu, alifundisha hesabu hadi kustaafu, nami nimezoea kumwita hivyo.) Nikafungua balbu, nikachungulia ndani ya holda: hakuna kutu, hakuna weusi. Balbu ya sebuleni nimeihamishia chumbani, ya chumbani nimeileta sebuleni. Zote zinacheza. Basi si balbu. Swichi ya ukutani haina joto wala hailii. Basi si swichi. Jikoni inacheza, bafuni inacheza. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye chumba kimoja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni friji. Ndani yake, nyuma ya maziwa, kuna chupa sita za insulini ya Mwalimu.

Jumamosi, 8 Machi
Msimamizi wa nyumba ametuletea fundi. Huyu tunamwita Fundi Tayari, maana hilo ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Ameingia na bisibisi moja mfukoni, akaitazama balbu, akagonga ukuta mara mbili kama anayebisha hodi, akasema, "Tayari."

"Tayari nini?" nikamuuliza.

"Balbu zako, mama. Ni za kubahatisha. Nunua nzuri."

"Na lile sanduku la chini hulitazami?"

"Lile halina shida."

Sanduku ninalolisema ni la chuma, liko ukutani chini ya ngazi, na ndani yake ndimo umeme wa ghorofa zote tatu unamoingia na kugawanywa. Juu yake kuna mfereji wa bati uliotoboka, na mvua ikinyesha maji yanalidondokea. Fundi amelipita akienda zake. Hata shingo hakugeuza.

Jumatano, 12 Machi
Taa imecheza mara tisa. Mvua usiku kucha.

Jumamosi, 15 Machi
Leo nimegombana na jirani wa juu, na sijivunii.

Tunamwita Mama Pacha. Ana watoto wawili wa miaka minne, na kazi yake ni kupiga pasi nguo za watu. Kwa muda sasa nimekuwa nikiona kwamba nikiwasha jiko langu la umeme, taa zetu zinafifia hadi Mwalimu anasogeza gazeti puani, ilhali dirisha la juu linawaka utadhani kuna harusi. Nikajisemea: huyu ananivuta umeme. Leo tumekutana ngazini, naye ndiye aliyeanza.

"Sista, hivi mmetuunganishia nini huko kwenu?"

"Sisi tumewaunganishia?"

"Nikiwasha pasi tu, kwangu giza. Natoka nje kutazama, kwako kweupe! Mimi napiga pasi kwa kupapasa kama kipofu, wewe unakula raha kwa umeme wangu."

"Wewe ndiye unayekula wangu!"

Tukapandishiana sauti. Nikamwambia maneno kuhusu pasi yake ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia mtu aliyebeba beseni la nguo kichwani. Mwalimu akatoka, akanishika kiwiko. "Tuyaache," akasema. Neno hilo ndilo lake, kila siku na kwa kila jambo. Tuyaache.

Nikayaacha. Lakini nimeandika.

Jumamosi, 22 Machi
Balbu ya nne imeungua. Hii imekufa kwa kishindo, pa! Juu pasi ilikuwa inagonga meza, chini kwa Kinyozi, mwenye saluni ya ghorofa ya chini, hita ya maji ilikuwa inanguruma. Jikoni kwangu hakukuwa na kitu kilichowashwa.

Jumanne, 25 Machi
Msimamizi amekuja na tumbo lake mbele na simu mkononi. Eti mwenye nyumba amepata malalamiko. Eti jiko langu la umeme ndilo linalosumbua nyumba nzima. Eti kuanzia leo ni marufuku.

"Jiko hili limekuwa hapa miaka sita," nikamwambia. "Taa zimeanza kucheza wiki tatu zilizopita. Lilikuwa linasubiri nini?"

"Sista, usinifundishe kazi."

"Sikufundishi. Nakuuliza."

"Mkiona nyumba haiwafai, wapangaji ni wengi."

Alipoondoka nimewasha jiko, nikachemsha maharage saa tatu nzima. Hatukuwa hata na hamu ya maharage.

Jumanne, 1 Aprili
Leo nimefanya jaribio. Nimechomoa jiko ukutani, nikachomoa birika, nikachomoa redio ya Mwalimu, naye kanitazama kama nimemchomoa jino. Friji tu nimeiacha, na taa moja ya sebuleni. Nikakaa na daftari toka saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Saa mbili na dakika tano, pasi ya juu imeanza kugonga: taa imeongeza mwanga. Saa mbili na nusu, pasi kimya: imerudi. Saa nne, Kinyozi kawasha hita: imeongeza. Saa nne na dakika kumi, vyote viwili pamoja: weupe wa kuumiza macho. Siku nzima hivyo, mara kumi na saba.

Jiko langu lilikuwa limelala sakafuni na waya wake mkononi mwangu. Sasa aje anieleze.

Jiko sitaliwasha tena mpaka haya yaishe. Msimamizi hajanitisha. Ila siku atakayolitaja nataka niwe na tarehe ya kumwonyesha.

Ijumaa, 4 Aprili
Nimepanda juu. Ngazi kumi na nne, na kila ngazi ilikuwa inaniuliza ninakwenda kusema nini.

Mama Pacha kafungua mlango nusu. Nyuma yake nguo zimepangwa hadi dirishani, na watoto walikuwa chini ya meza wakicheza na vibanio.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Huniibii. Na mimi sikuibii. Nina siku nzima ya ushahidi hapa."

Akalipokea daftari, akalisoma akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni. Akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Hii saa mbili na dakika tano ni mashati ya benki," akasema. "Na hii saa nane ni mapazia. Sista, umeniandika mpaka mapazia yangu!"

Akacheka, nami nikacheka, mlango ukafunguka wote. Kisha tukafanya kitu ambacho kama Msimamizi angekiona angesema tumerukwa na akili. Yeye dirishani kwake, mimi dirishani kwangu, tukaanza kuitana.

"Nawasha pasi! Yangu imefifia!"

"Yangu imewaka!"

"Nazima!"

"Imerudi!"

Watoto nao wakachukua wimbo, imefifia, imewaka, imefifia, imewaka, mpaka Kinyozi akatoka na taulo begani kututazama.

Wakati nateremka, Mama Pacha akaniambia taratibu: "Mimi nilimwambia Msimamizi kwamba ni jiko lako. Nilikuwa na hasira. Nitamwambia nimefuta." Nikamwambia asifute kwa mdomo, aandike. Ameandika. Karatasi nimeibandika hapa.

Jumapili, 6 Aprili
Mwalimu ameomba daftari. Nikashangaa. Kakaa nalo mezani, kachukua penseli, kachora mistari mitatu ikikutana mahali pamoja.

"Kila mara mmoja akizidisha, wengine wawili wanapanda," akasema. "Haijatokea hata mara moja wote wakashuka pamoja. Kuna kitu kimoja tunachotumia sote watatu, na hicho kimelegea."

"Kiko wapi?"

Akaweka ncha ya penseli pale mistari inapokutana. "Chini. Kwenye sanduku."

Nilikuwa karibu kumbusu. Akaongeza: "Lakini tuyaache, mama. Tutafukuzwa uzeeni."

Nikanyanyuka mezani. Nimelala nimemgeuzia mgongo.

Jumatano, 9 Aprili
Sanduku limefungwa kufuli jipya. Msimamizi kasema "watu wasichezechezee." Nimeweka kiganja karibu na mlango wake bila kuugusa: joto. Harufu kama ya mkono wa sufuria uliosahauliwa motoni. Nimemwita Kinyozi anuse.

"Mimi sisikii kitu."

"Una mafua?"

"Sista, mimi nimeshasaini karatasi ya Msimamizi kwamba ni jiko. Usinichanganye na wateja wangu."

Kijana wa heshima huyu, kila Jumapili anamnyoa Mwalimu na kumsindikiza mpaka mlangoni. Leo hakunitazama machoni. Nimeshindwa kumwelewa.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimekwenda ofisi ya umeme. Karani kaniambia mwenye nyumba ndiye anayeruhusiwa kuleta malalamiko. Nikamwambia mwenye nyumba haishi mle ndani, mimi ndiye ninayeishi. Akasema ndiyo utaratibu. Nikamwambia sawa, nikaenda kukaa kwenye benchi mbele ya dirisha lake.

Saa tano akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia nasubiri namba. Saa saba akala chakula chake akiwa amenigeuzia ubavu. Saa nane akaniambia, "Mama, nenda nyumbani." Nikamwambia nimewahi kukaa kitako usiku mzima kusubiri mtoto azaliwe, na mtoto alikuwa mkaidi kuliko yeye. Wenzake wakacheka. Saa tisa na dakika ishirini akachukua kalamu.

Nina namba ya malalamiko. Nimeiandika nyuma ya mlango, juu ya friji, na hapa.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua. Mwanga umepanda na kushuka mara ishirini na sita. Hawajaja.

Alhamisi, 17 Aprili
Ya jana nayaandika leo, maana jana sikupata nafasi ya kushika kalamu.

Ilikuwa saa tisa na nusu mchana, mbingu imefunga, mvua inapiga mabati. Nilikuwa nakunja nguo, Mwalimu dirishani na gazeti lake. Juu pasi ilikuwa inagonga, chini hita ilikuwa inanguruma. Mara taa ya sebuleni ikawaka weupe ambao sijauona tangu taa za chumba cha upasuaji. Friji ikaanza kukoroma kama mtu anayekabwa koo.

"Mwalimu! Swichi kuu!"

Aliruka kwa miguu ya ujana wake, lakini balbu ilimtangulia. Ilipasuka, vioo vikamwagika juu ya nguo nilizokunja. Friji ikatoa moshi kwa nyuma, ikanyamaza. Ndipo akaifikia swichi.

Nikafungua mlango wa ngazi. Harufu ile ya mkono wa sufuria ilikuwa imejaa kote. Chini, ndani ya sanduku, kulikuwa na mlio wa kukaanga, na mwanga wa bluu ulikuwa unatoka kwenye nyufa za mlango wake. Maji ya mfereji yalikuwa yanalitiririkia. Kufuli lilikuwa linang'aa. Nikampigia Msimamizi, simu ikaita mpaka ikakata.

Nilitamani sana kuchukua nyundo nilivunje kufuli lile. Lakini chuma kile kilikuwa kimelowa, na nilijua nikikigusa ndio mwisho wangu. Nikakumbuka mchoro wa Mwalimu. Kinacholiunguza sanduku ni umeme tunaoutumia sisi. Basi tuache kuutumia, sote watatu, sasa hivi.

Nikapaza sauti ile ya wodini, ambayo sikujua kama bado ninayo.

"Mama Pacha! Zima swichi kuu yako! Beba watoto uteremke!"

"Nimezima, Sista!"

"Msiguse reli ya ngazi! Piteni upande wa ukutani!"

Alitokea na mtoto kila mkono, miguu mitupu. Mwalimu akampokea mmoja. Walipita mmoja mmoja, migongo ukutani, hadi nje kwenye mvua.

Nikaingia kwa Kinyozi. Taa zake zilikuwa zinawaka na kuzima, vioo vyote vinapepesa. Mteja alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Zima swichi kuu."

"Sista, hayo ya daftari lako tutaongea baadaye, nina mtu hapa."

Nikamshika ukosi wa koti lake jeupe. Ana urefu wa mlango, lakini alikuja. Nikamsimamisha pale ambapo anaweza kuliona sanduku, nikamwambia, "Sasa niambie ni jiko."

Alitazama mara moja tu. Alirudi ndani akikimbia, nikasikia swichi yake ikishuka, tak. Mlio wa kukaanga ukakatika. Mwanga wa bluu ukazima. Mteja, aliyesikia neno moto kichwani mwake ingawa hakuna aliyelisema, alitupita na shuka la kunyolea shingoni, akapotelea kwenye mvua na nusu ya nywele zake. Mpaka leo hajarudi.

Nikapiga namba ya dharura nikawasomea namba yangu ya malalamiko. Walikuja baada ya dakika arobaini. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye glavu zinazofika viwiko. Akakata umeme kwenye nguzo, akakata kufuli kwa mkasi wa chuma, akafungua. Ndani kulikuwa kweusi kama chungu cha mkaa.

"Unaona huu?" akanionyesha kipande kilichoyeyuka. "Huu ni waya wa kurudia. Umeme unaingia kwa kila ghorofa kwa njia yake, lakini wote unarudi kupitia hapa. Skrubu imelegea, maji yakaingia, ikaungua. Umeme ukikosa pa kurudia unapitia kwa jirani. Anayetumia sana anapata mdogo, anayetumia kidogo anapata wa kuunguza vitu."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeona jibu lake nyuma ya kitabu.

"Nani aliyeleta malalamiko?" akauliza Mkaguzi.

Nikampa daftari. Alilisoma chini ya mwavuli, akapiga picha kurasa sita. "Umeme haurudi," akasema, "mpaka sanduku liwe jipya na lihamishwe hapa. Ungekuwa usiku, mmelala, msingejua kitu."

Nimeweka chupa za insulini ndani ya chungu kidogo, chungu kidogo ndani ya kikubwa, na mchanga uliolowa katikati. Zimekaa baridi. Friji imekufa.

Jumamosi, 19 Aprili
Giza. Mishumaa. Mama Pacha ameazima pasi ya mkaa. Kinyozi amekaa mlangoni mikono mitupu. Nilipopita akasema, "Sasa umeridhika, Sista?" Nikapanda zangu juu.

Jumatatu, 21 Aprili
Nimelowesha mchanga asubuhi na jioni. Hakuna lingine.

Jumanne, 22 Aprili
Msimamizi kaja na Fundi Tayari na karatasi. Ametuita wote chini.

"Mambo ni mepesi," akasema. "Sista anasaini hapa kwamba tatizo lilisababishwa na jiko lake. Fundi anafunga nyaya, kesho mna umeme."

"Tayari," akasema Fundi.

"Mkaguzi amesema sanduku jipya," nikasema.

"Mkaguzi haishi hapa."

"Na wewe huishi hapa."

Kinyozi akanisogelea. "Saini tu, Sista. Karatasi haiumi. Mimi nina siku sita sijanyoa mtu."

Huo ndio wakati niliokuwa peke yangu kuliko wakati wowote msimu huu. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake. Nikafungua daftari, nikasoma kwa sauti: "Tarehe mosi Aprili. Nimechomoa jiko ukutani." Nikamwambia Msimamizi: "Toka siku hiyo halijawashwa. Sanduku limeungua tarehe kumi na sita. Unataka nisaini kwamba jiko lililozimwa siku kumi na tano limechoma nyumba? Sisaini. Kama ni giza, mimi nitakaa gizani mpaka macho yaote magamba. Sisaini."

"Basi wenzako wajue ni wewe unayewatesa."

Mama Pacha akatua beseni lake chini. "Mtu huyu amewatoa wanangu humu ndani," akasema. "Usimtaje kwa mdomo huo. Hata mimi sisaini, na sijaulizwa."

Msimamizi akakunja karatasi yake. Fundi akamfuata. Mara ya kwanza nimemwona akiondoka bila kusema neno lake.

Jumamosi, 26 Aprili
Kinyozi kapanda na mashine ya kunyolea ya betri aliyoazima. Kasema amekuja kumnyoa Mwalimu. Lakini ni Jumamosi, na Mwalimu hanyolewi ila Jumapili. Nikajua kuna jambo.

Alimnyoa upande mmoja, akasimama. "Sista, niliahidiwa ghorofa yenu," akasema. "Msimamizi aliniambia mkitoka, hapa nitaweka saluni ya akina mama. Ndiyo maana nilisaini. Harufu niliisikia tangu Machi."

Mwalimu hakugeuka. Alisema tu, "Malizia upande wa pili, mwanangu," naye akamalizia. Nilipata hasira ya kumtupa ngazini. Lakini nimemwona akifuta macho kwa taulo lake mwenyewe, na nikakumbuka maneno niliyomwambia Mama Pacha. Nikampa karatasi na kalamu. Ameandika yote, na ameweka tarehe.

Karatasi mbili, ya Mama Pacha na ya Kinyozi, na nakala ya kurasa zangu tumezipeleka ofisi ya umeme. Karani wa benchi alinipisha kiti.

Jumatano, 30 Aprili
Sanduku jipya! Limewekwa ukuta wa ndani, mbali na mfereji. Ofisi imemwandikia mwenye nyumba barua, na inaelekea barua ile ilikuwa na meno. Mafundi wanne, siku nzima. Mkaguzi kakaza skrubu ya mwisho kwa mkono wake.

Jioni tumewasha kila kitu mara moja: pasi, hita, jiko, birika. Tumesimama kila mtu chini ya taa yake. Haikutikisika hata moja. Mama Pacha akapiga kelele dirishani, "Yangu imetulia!" Nikamjibu, "Na yangu!"

Jumatatu, 12 Mei
Mvua zinapungua. Mwanamke aliyelala fofofo wiki nzima ndiye anayeandika haya.

Asubuhi hii Msimamizi kabisha hodi. Safari hii hakuingia. Kaninyooshea bahasha kwa ncha za vidole. Ni barua ya mwenye nyumba: tuhame katika siku thelathini, kwa kuwa "tumevuruga utulivu wa wapangaji."

Nilifungua mdomo. Mwalimu alikuwa ameshasimama. Akaichukua barua mkononi mwangu, akaisoma mpaka mwisho, akaenda kabatini, akarudi na mkataba wetu. Miaka arobaini nimeishi na mtu huyu na sikuwahi kumwona akitembea namna ile.

"Ukurasa wa tatu," akamwambia Msimamizi. "Mkataba una mwaka mmoja mbele. Hauvunjwi isipokuwa kwa makubaliano ya pande mbili. Unajua pande mbili ni nini?"

"Mwalimu, mimi ni mjumbe tu."

"Nakuuliza hesabu. Upande wa kwanza ni mwenye nyumba. Upande wa pili ni sisi. Sisi hatukubali. Pande ngapi zimekubali?"

Ngazini Mama Pacha alikuwa amesimama na beseni. Kinyozi alikuwa amepanda nusu, mashine mkononi, akasema, "Moja." Hakuna aliyemuuliza.

"Barabara," akasema Mwalimu. "Na huo utulivu uliovurugwa, wapangaji wote wako hapa. Waulize."

Hakuwauliza.

"Mwenye nyumba atasemaje nikimrudishia hivi?"

"Namba yangu ya simu anayo," akasema Mwalimu.

Akaiweka barua ukutani, akaandika chini yake, bila haraka, kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Tumeipokea. Hatuhami.* Akatia saini. Akanipa kalamu nami nikatia saini. Mama Pacha akatua beseni akatia yake, na Kinyozi yake, wakaandika kila mmoja: shahidi. Mwalimu akaikunja barua ile, akairudisha kwenye bahasha, akamkabidhi Msimamizi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa kwa mgeni, na akafunga mlango.

Kisha akakaa kitini. Nikamletea maji. Nikasubiri aseme tuyaache.

"Wakileta nyingine," akasema, "niamshe hata kama nimelala."

Jumamosi, 24 Mei
Mwenye nyumba hajapiga simu. Msimamizi tunapishana naye, anasalimia yeye kwanza. Tumepata friji ya mtumba, na chupa za Mwalimu zimehamia ndani yake. Jua limetoka. Tupo.